Chipu iliyofungwa kwa sifuri kumi na tatu

Kuna fankshni moja ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya OpenBSD, mfumo endeshi huria, inaitwa hifn_enable_crypto, na mtu yeyote anayejali mambo ya enkripsheni ningependa aisome hata mara moja. Iko kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha hadwea, ya chipu za kampuni ya Hifn ya Marekani, chipu ambazo kwenye miaka ya 2000 zilikua zinakaa kwenye kadi za PCI ili kazi nzito ya kusimba na kusimbua data ifanywe na hadwea badala ya kuielemea CPU. Kazi ya fankshni hiyo ni kuifungua chipu. Yaani chipu ishawaka, ina umeme, inaonekana na kompyuta, lakini sehemu ya enkripsheni imefungwa na draiva inabidi ipitie utaratibu maalum ndo chipu ikubali kufanya 3DES, njia ya kusimba iliyo kali kuliko DES ya zamani.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Draiva inaanza kwa kusoma rejista (kisehemu cha chipu cha kuandikia na kusoma namba) ya hali ya chipu na majibu yanakuja kwa ngazi: hamna enkripsheni kabisa, au DES tu, au ngazi ya juu yenye 3DES. Ikikuta imefungwa inasoma rejista iliyopewa jina la UNLOCK_SECRET1 ili ipate namba ya kuanzia, inasubiri kidogo, inaandika sifuri kwenye UNLOCK_SECRET2, inasubiri tena, halafu ile namba ya mwanzo inaipitisha kwenye hesabu ya kuzungusha biti, jibu linaandikwa kwenye UNLOCK_SECRET2, subiri, rudia, mara 13, na kila raundi inachanganya baiti moja ya ufunguo. Kuna na komenti pale inaonya kwamba ukijaribu kuifungua wakati ilishafunguliwa kadi itajifunga. Sasa nenda juu kidogo kwenye jedwali la funguo, unategemea ukute siri ya maana, unakuta baiti 13 zote ni sifuri. Kadi ya mtengenezaji huyu sifuri, ya yule sifuri, na walioandika draiva wamekiri palepale kwamba kampuni tofauti zinazotumia chipu hiyo ni wazi zinatumia ufunguo uleule.

Mimi nikiona vile naiona sheria ya nchi imeingia mpaka kwenye silikoni. Angalia zile ngazi: DES ina ufunguo wa biti 56, 3DES inazidi hapo (biti zikizidi ndo ugumu wa kuubahatisha unavyozidi), na kwenye miaka ya mwisho ya tisini hapo kwenye 56 ndipo serikali ya Marekani ilipokua inatenganisha kinachoweza kuuzwa nje kirahisi na kinachotaka leseni. Lile kufuli halimzuii jasusi wala gaidi, mtu mwenye draiva anafungua ndani ya sekunde. Anayezuilika ni yule mwenye kadi mkononi, ameilipia, lakini hajapewa karatasi inayosema rejista ipi inafanya nini. Na hili ndo ninalotaka kuliongelea leo, maana watu wengi wanaamini vita ya enkripsheni iliisha mwaka 2000, wakati sehemu yake moja haijaisha mpaka leo, ila imehama kutoka kwenye gazeti la serikali ikaenda kujificha kwenye mkataba wa kutunza siri wa muuza chipu.

Tuanze na ilivyokua, kwa ajili ya vijana ambao wameikuta HTTPS ipo kila mahali.

Mpaka mwishoni mwa 1996 programu ya enkripsheni kwa sheria za Marekani ilikua kwenye orodha moja na mizinga na ndege za kivita, chini ya kanuni za ITAR zinazosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Kuipeleka nje bila leseni ilikua ni sawa na kusafirisha silaha. Matokeo yake Netscape walikua na brauza mbili, ya Wamarekani ikiwa na ufunguo wa biti 128 na ya sisi wengine wote duniani biti 40, na biti 40 sio ulinzi. Agosti 1995 mtafiti wa Ufaransa, Damien Doligez wa INRIA, alivunja ujumbe mmoja wa SSL (njia ya kusimba mawasiliano ya wavuti) ya biti 40 kwa siku 8 akitumia kompyuta kama 120 ambazo zilikua zinakaa bure muda mwingi. Januari 1997 Ian Goldberg pale Berkeley akavunja ujumbe mwingine wa biti 40 kwa masaa matatu na nusu. Yaani benki nje ya Marekani ilikua inaambiwa iwalinde wateja wake na kitu ambacho mwanafunzi anakivunja kabla ya chakula cha mchana.

Phil Zimmermann aliyeandika PGP, programu ya kusimba barua pepe, mwaka 1991 alichunguzwa kuanzia 1993 mpaka Januari 1996 kwa sababu programu yake ilivuka mpaka kupitia intaneti, mwisho kesi ikafungwa bila kushtakiwa. Wakati huohuo MIT Press walichapisha msimbo wote wa PGP kama kitabu, 1995, maana kitabu kinalindwa na katiba yao na kinaweza kupanda ndege, na toleo la 5 nalo likaenda njia hiyohiyo, kurasa zaidi ya 6,000 zikaskaniwa na wajitolea huku Ulaya na kusahihishwa herufi kwa herufi mpaka ikawa programu tena. Nawaza sana kuhusu wale watu, kukaa kulinganisha mabano na nukta mkato ili mtu asiyewajua aweze kutuma barua pepe bila kusomwa.

Halafu kuna Daniel J. Bernstein, na huyu mumuweke akilini maana atarudi. Akiwa mwanafunzi Berkeley alitunga kitu alichokiita Snuffle. Wakati huo sheria ilikua inabana sana programu za kusimba lakini haibani hashi (hesabu inayotoa alama fupi ya data, isiyorudishika nyuma), na Snuffle ilionyesha jinsi ya kuchukua hashi yoyote na kuifanya isimbe data, kwa kifupi ilionyesha mstari wa sheria umechorwa pasipo na mpaka. Akaambiwa ili achapishe inabidi apate leseni kama muuza silaha. Mwaka 1995 akaishtaki serikali akisaidiwa na EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, 1996 jaji Marilyn Hall Patel akasema msimbo wa programu ni maneno na maneno yanalindwa na katiba, na Mei 1999 majaji wawili kati ya watatu wa rufaa wakakubaliana nae.

Hapo katikati, Novemba 1996, Clinton alishahamisha enkripsheni kutoka orodha ya silaha kwenda Wizara ya Biashara, na Julai 1998 EFF walijenga mashine ya chini ya dola 250,000 ikavunja DES ya biti 56 kwa masaa 56. Baada ya hapo hoja ya kuwauzia wageni 56 tu ikakosa miguu. Januari 2000 kanuni zikalegezwa: msimbo wa programu huria ulio wazi kwa kila mtu ukaruhusiwa kutoka, sharti ni kutuma barua pepe tu kuwajulisha Wizara ya Biashara na NSA (shirika la ujasusi wa mawasiliano) ulipo. Na Machi 2021 hata hiyo barua pepe wakaifuta kwa msimbo unaotumia algorithimu za kawaida zinazojulikana.

Kwahiyo kisheria, programu huria iko huru. Tuelewane hapo.

Lakini kabla haijawa huru dunia haikukaa kusubiri, na hii sehemu mimi huwa inanipa moyo sana. SSLeay, ambayo ndo mama yake OpenSSL, maktaba ya SSL inayotumika na seva nyingi, iliandikwa Australia na Eric Young na Tim Hudson. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa usalama, ilianzia Finland kwa Tatu Ylönen mwaka 1995. Debian, moja ya Linux kongwe, walikua na ghala zima la pembeni linaitwa non-US, seva zake ziko Uholanzi, ili programu za enkripsheni zisiguse ardhi ya Marekani hata kidogo, na liliendelea mpaka 2002 walipoanza kuziingiza kwenye ghala kuu. FreeS/WAN, mradi wa IPsec (kusimba mawasiliano ya mtandao) wa Linux ulioanzishwa na John Gilmore, ulikataa kabisa viraka vya msimbo kutoka kwa Wamarekani ili msimbo usije ukachafuliwa na sheria zao, na Gilmore mwenyewe ni Mmarekani! Huku kwetu Afrika, Mark Shuttleworth alianzisha Thawte mwaka 1995 akiwa Afrika Kusini, kwenye gereji ya wazazi wake, na lengo la mwanzo lilikua ni kutengeneza seva ya wavuti yenye usalama kamili isiyobanwa na masharti ya Marekani, ikaitwa Sioux, chimbuko lake Apache. Baadae akajikita kwenye vyeti vya usalama, VeriSign wakainunua kampuni Desemba 1999 kwa dola milioni 575, na 2004 ikazaliwa Ubuntu ambayo nusu ya wanaosoma hapa ndo Linux yao ya kwanza. Inafaa vijana wetu wajue kwamba pesa iliyoanzisha Ubuntu ina asili yake kwenye ile ile sheria iliyotupa sisi biti 40.

Na OpenBSD wako Calgary, Canada, chini ya Theo de Raadt. Kukaa Canada ndo kuliwaruhusu waweke enkripsheni kali ndani ya mfumo tangu mwanzo na kuisambaza bila kuomba ruhusa, sharti ni kwamba msimbo wa enkripsheni uandikwe na watu walio nje ya Marekani. OpenSSH ilitoka na OpenBSD 2.6 Desemba 1999, na mmoja wa walioijenga, Niels Provos, Mjerumani aliyekua anaishi Michigan, alikua anavuka mpaka kuingia Canada ndo aandike sehemu yake. Leo kila seva unayoingia kwa ssh, iwe Posta Dar, iwe Westlands, iwe Kigali, kuna uwezekano mkubwa unatumia kazi ile.

Sasa turudi kwenye hadwea, maana programu unaweza kuiandikia popote, chipu huwezi.

Hawa OpenBSD walitaka VPN zao (njia zilizosimbwa za kuunganisha mitandao) ziende kasi kwahiyo wakajenga mfumo ndani ya keneli wa kugawa kazi za enkripsheni kwa kadi zozote zilizopo, na draiva ya hifn ikaingia kwenye OpenBSD 2.7 mwaka 2000. Ukisoma draiva yenyewe unaona kazi ilivyo: unapanga foleni za maelekezo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unaiambia chipu anwani zake, chipu inazichota yenyewe bila kupitia CPU, inasimba, inarudisha majibu, inapiga inteprati. Kila neno la biti 32 kwenye foleni hizo lina maana yake, biti moja ikikaa vibaya chipu inaandika mahali sipo na mfumo mzima unaanguka. Haiwezekani kuandika kitu kama hicho kwa kubahatisha, lazima upate nyaraka za chipu, kurasa zinazoeleza rejista. Nyaraka hizo hazina siri ya enkripsheni ndani yake, DES na AES iliyokuja kuirithi zimechapishwa na serikali yenyewe ya Marekani kwa kila mtu, AES imetungwa na Wabelgiji wawili. Nyaraka zinasema tu weka anwani hapa, weka urefu pale.

Mwaka 2006 hili likalipuka hadharani. Hifn walisema nyaraka zinapatikana lakini lazima ujiandikishe kwao na barua pepe ya kuthibitishwa, upakuaji wa bila jina hawawezi kuruhusu, kwa sababu masharti ya leseni zao za kuuza nje yanawataka wajue wateja wao ni kina nani na wako wapi. Na kwamba anayekataa kujiandikisha hata chipu wasingeweza kumuuzia. De Raadt akakataa katakata. Msimamo wake ulikua kwamba wao sio wateja wanaoagiza chipu, ni watu wanaoandika draiva ya bure inayoifanya chipu iuzike, na karatasi inayoeleza rejista sio silaha, na kama nyaraka hazitolewi bila masharti basi draiva haiwezi kutunzwa.

Niko upande wa de Raadt moja kwa moja kwenye hili. Kuuza chipu nje ni jambo moja na leseni yake ipo, sawa, kampuni ijue inamuuzia nani. Lakini kuchapisha maelezo ni jambo lingine, kanuni hizohizo za Wizara ya Biashara zinaweka pembeni maelezo yaliyokwisha kuchapishwa kwa umma. Kampuni ikiamua kuweka nyaraka wazi zinakua wazi, ikiamua kuzifunga zinakua zimefungwa, uamuzi ni wake, halafu anayeulizwa anaitaja sheria kama vile mikono yake imefungwa. Na ukishakubali kujiandikisha, hatua inayofuata ni kusaini, na ukishasaini huwezi tena kuandika komenti kwenye msimbo inayoeleza kwanini umeandika namba kama 0x101 pale, na draiva inakua huria kwa jina huku inasomeka kama uganga.

Wako watakaosema zile kadi zimeshakufa, na ni kweli zimekufa. Intel waliweka maelekezo ya AES ndani ya CPU kuanzia 2010 na VIA walitangulia na PadLock kabla yao, na njia hii ni nzuri kwa sababu maelekezo ya CPU yanachapishwa kwenye manyuali ya wazi, hakuna foleni, hakuna kufuli, programu yoyote inayatumia. Lakini injini za pembeni hazijaondoka, zimehamia ndani ya chipu za ruta na vifaa vidogo, yaani vitu ambavyo sisi huku ndo tunavinunua kwa wingi. Chukua MediaTek MT7621, iko kwenye ruta nyingi sana za bei nafuu. Ndani yake kuna injini ya enkripsheni inaitwa EIP93, iko pale, umeilipia, na kwa miaka mingi kwa watu wengi ilikaa bure tu kwa sababu keneli rasmi ya Linux haikua na draiva yake. Nduguye mkubwa EIP197, iliyoko kwenye chipu za Marvell Armada 7K na 8K, draiva yake iliingia Linux mwaka 2017 lakini injini inahitaji fimwea, programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, na fimwea ilikua haigawiwi hadharani. Unakuwa na draiva ya wazi inayoita mlango usiofunguka. Mpaka 2019 ndo ikapatikana fimwea ndogo ya kuanzia inayoweza kusambazwa kwa kila mtu. Ni kama kununua nyumba halafu chumba kimoja ufunguo kabaki nao aliyekuuzia.

Kwa mtu wa Munich au Taipei mwenye kampuni kubwa hilo linatatulika, anaandika barua, mwanasheria anasaini, anapewa. Fundi wa mitandao wa Arusha anayeunganisha matawi ya SACCOS anaanzia wapi? Nimewahi kumuulizia mteja nyaraka za chipu ya ruta kwa msambazaji mmoja, swali la kwanza lilikua mnanunua vipande vingapi kwa mwaka, la pili mko nchi gani, baada ya hapo kimya. Hakuna aliyetaja sheria yoyote ila mlango ukafungwa hivyohivyo.

Na kuna jambo kubwa kuliko kasi. Injini inayosimba data ni kifaa kinachoona funguo zako na, kama nilivyoeleza, kinaweza kuchota kumbukumbu ya kompyuta chenyewe. Kusimba kwenyewe unaweza kukupima, AES ukiipa ufunguo fulani na data fulani jibu ni moja tu duniani, kwahiyo Linux ina majaribio ya kulinganisha na majibu yanayojulikana. Lakini namba za bahati nasibu huwezi kuzipima hivyo. Chipu ikikupa namba, zinaweza kuonekana zimechanganyika vizuri kabisa huku aliyeitengeneza anazijua zote. Ndo maana Desemba 2013, baada ya yale Edward Snowden aliyoyafichua kuhusu NSA, FreeBSD, mfumo wa jamii moja na OpenBSD, wakaamua namba za RDRAND (maelekezo ya CPU ya kutoa namba za bahati nasibu) ya Intel na za PadLock ya VIA zisitumike moja kwa moja, zichanganywe kwanza na vyanzo vingine ndani ya keneli. Uamuzi kama huo unawezekana pale tu draiva iko mikononi mwako. Ingekua imefungwa ungeambiwa uamini.

Na kuamini tumeshaona kunafika wapi. Februari 2020 Washington Post wakishirikiana na ZDF ya Ujerumani walianika kwamba Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za kusimba siri kwa serikali za nchi zaidi ya 120, za Afrika zikiwemo, ilikua inamilikiwa kwa siri na CIA na ujasusi wa Ujerumani tangu 1970. Mabalozi walikua wanaandika siri za nchi zao kwenye mashine ambayo imepunguzwa nguvu makusudi. Ilikua hadwea iliyofungwa, kutoka nchi isiyofungamana na upande wowote, yenye sifa nzuri, na bei juu.

Madhara ya zile sheria za zamani nayo yalikuja kuonekana miaka mingi baadae na hayakuchagua uraia. Machi 2015 likatoka shambulio la FREAK na Mei mwaka huohuo Logjam, yote mawili yanatumia njia zilezile dhaifu za biti 512 zilizowekwa kwenye SSL kwa ajili ya wateja wa nje ya Marekani. Sheria imelegezwa 2000, msimbo wake bado uko kwenye seva 2015, na seva za serikali ya Marekani yenyewe zikakutwa na udhaifu huo.

Nilisema Bernstein atarudi. Mwaka 2005 alitunga Salsa20, na jina lake la kwanza lilikua Snuffle 2005, wazo ni lilelile la kutumia kiini kama cha hashi kusimba data. 2008 akatoa ChaCha, ambayo imetengenezwa iende kasi kwenye CPU ya kawaida kwa kujumlisha, kuzungusha biti na XOR tu, haihitaji chipu maalum wala ruhusa ya mtu. WireGuard, programu ya VPN iliyoingia Linux 5.6 Machi 2020, inatumia ChaCha20, na ndo maana kwenye ruta ya MT7621 ambayo CPU yake haina maelekezo ya AES, WireGuard inaiacha mbali OpenVPN ya AES hata bila kuigusa ile injini ya pembeni. Na simu je? Februari 2019 Paul Crowley na Eric Biggers wa Google walitoa Adiantum, imejengwa juu ya ChaCha12, kwa ajili ya simu za bei ya chini zenye CPU kama Cortex-A7 ambazo AES zinaisukuma polepole mpaka Android ilikua inaziruhusu zisisimbe data kabisa. Kwenye hizo CPU Adiantum ina kasi kama mara tano ya AES-256-XTS, njia ya AES ya kusimba diski. Simu za aina hiyo ndo zilizojaa Kariakoo, ndo zenye picha za familia na meseji za miamala, zikiibiwa daladalani mwizi anapata kila kitu. Kutoka kwa mwanafunzi aliyeambiwa aombe leseni ya silaha mpaka kwenye simu ya mama anayeuza vitenge, ni mstari mmoja ulionyooka, na haukupita kwenye nyaraka za siri za kampuni yoyote.

Kuhusu sisi kisheria, nchi 42 zimo kwenye mkataba wa Wassenaar ambao ndo unaratibu haya mambo ya bidhaa zenye matumizi ya kiraia na kijeshi, na kutoka Afrika yumo Afrika Kusini peke yake. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo hazimo. Orodha inaandikwa bila sisi, tunachokutana nacho ni bidhaa iliyoshapunguzwa au nyaraka iliyoshafungwa. Sidhani dawa ni kuingia kwenye mkataba. Dawa iliyo mikononi mwetu sasahivi ni kwenye manunuzi, halmashauri, chuo, hospitali, benki ndogo, wakiandika tenda ya ruta au kifaa cha VPN waweke sharti moja, kwamba enkripsheni yote ya kifaa iendeshwe na draiva zilizomo kwenye keneli rasmi ya Linux au BSD na fimwea inayopakuliwa bila kusaini kitu. Muuzaji anayetaka hela ataleta.

Kwa wewe mwenye ruta ya OpenWrt (mfumo huria wa ruta) au Raspberry Pi nyumbani, ingia kwa ssh halafu andika cat /proc/crypto. Utaona kila algorithimu na jina la draiva yake, priority, na mstari wa selftest unaosema passed jaribio likifaulu. Yenye priority kubwa ndo inayotumika, kwahiyo ukikuta aes-generic peke yake ujue hakuna hadwea inayosaidia, na kama walioijenga keneli walizima majaribio basi ile passed haikuthibitishii chochote. Kwenye Pi 4 andika grep aes /proc/cpuinfo na utarudishiwa patupu, kwenye Pi 5 utaiona. Nakusanya orodha ya ruta zinazouzwa huku kwetu, chipu iliyomo ndani na draiva inayoiendesha, kwahiyo mwenye mashine naomba aniwekee hapo chini modeli, toleo la keneli na jibu lote la /proc/crypto kama lilivyo.